Waridi la Jangwani Lioteshwe, Lisichimbwe

Katika eneo la Sakina, mjini Arusha, barabara huzigawa nchi mbili zisizofanana. Msafiri anayeelekea mashariki, kwa barabara pana ya njia mbili itokayo hapo hadi Tengeru, hupita chini ya Mlima Meru kwa upande wenye mvua: migomba, kahawa, mifereji, na mashamba ya maua yaliyofunikwa kwa nailoni. Anayeshika njia ya Namanga hupita Ngaramtoni na Oldonyo Sambu, na kabla hajafika Longido mlima umekwisha kumzibia mvua. Migomba imetoweka. Ardhi imekuwa ya mchanga, mawe na miiba. Ni katika nchi hiyo ya pili ambamo, wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka na mbuzi wakitafuna vijiti, huonekana ua jekundu likichanua juu ya shina nene lisilo na jani hata moja.

Ua hilo siku hizi huitwa waridi la jangwani, ingawa kwa nasaba halina udugu wowote na waridi. Wanasayansi huliita Adenium obesum. Sehemu ya kwanza ya jina hilo imetoka Aden, kwa sababu mtaalamu aliyeliingiza katika vitabu vya Ulaya, Peter Forsskål, alilikuta nchini Yemen katika msafara uliogharimiwa na Mfalme wa Denmark. Forsskål alifia huko mwaka 1763 na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775. Ndugu zetu waliohamia Oman hawana haja ya kuelezwa habari zake, maana linaota katika milima ya Dhofar. Makao yake ni mkanda mrefu wa nchi kavu unaoanzia Afrika Magharibi, ukapita Sudan, Ethiopia, Somalia na Kenya hadi kaskazini ya Tanzania, na kuvuka bahari hadi Arabuni. Wahadzabe waishio kandokando ya Ziwa Eyasi hupata sumu ya mishale yao kutokana na mmea wa jamii hiyohiyo.

Msomaji wa Unguja au Pemba ana haki ya kuuliza: yananihusu nini mimi mambo ya Sakina na maua ya wafugaji? Kwa kumjibu, hatuna budi kuondoka kwa muda katika maua na kuingia katika visima.

Mwaka 2001 mtafiti Stefan Gössling alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya matumizi ya maji katika pwani ya mashariki ya Unguja. Aliona kwamba mtalii mmoja, kwa wastani, alitumia lita 685 za maji kwa siku, yaani karibu mara 15 ya mahitaji ya mwenyeji. Mtu angedhani kwamba maji hayo huishia katika mabafu na mabwawa ya kuogelea. Sivyo. Katika hoteli, nusu hivi ya maji yote ilimwagiwa bustani. Na sababu alizozitaja hazihitaji elimu kubwa kuzielewa: ardhi ya kule haishiki maji, jua huyanyonya upesi, na mimea iliyopandwa si mimea ya nchi kavu. Kwa maneno mengine, tulikuwa tukichukua maji ya kunywa na kuyamwagia majani yaliyoletwa kutoka nchi za mvua, ili mgeni aliyekuja kuona jua na mchanga aone pia nyasi za kijani.

Tangu uchunguzi huo hoteli zimeongezeka mara nyingi, na mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki saba. Mawe hayakubadilika. Anayeijua ardhi ya maweni, kutoka Nungwi kushuka Kiwengwa, Paje, Jambiani hadi Makunduchi, anajua kwamba maji baridi ya pale yameelea juu ya maji ya chumvi ndani ya jiwe la matumbawe. Ukiyavuta kwa pole utakunywa. Ukiyavuta kwa pampu kubwa mchana na usiku, chumvi hupanda, na wa kwanza kuionja ni mama wa kijijini mwenye kisima kifupi, wala si hoteli yenye uwezo wa kununua maji kwa gari au kuyachuja ya bahari.

Hapo ndipo lilipo jambo letu. Bustani iliyo juu ya mchanga na jiwe inahitaji mimea iliyozaliwa katika mchanga na jiwe, na mmoja wa mimea mizuri kuliko yote ya namna hiyo tumejaliwa kuwa nao katika nchi yetu wenyewe. Hatusemi kwamba ua moja litamaliza shida ya maji. Tunasema kwamba nusu ya maji ya hoteli si kitu kidogo, na kwamba sehemu kubwa ya nusu hiyo yaweza kuokolewa kwa uamuzi wa nini kipandwe.

Lakini ikiwa hoteli zote zitalitaka waridi la jangwani kesho asubuhi, litatoka wapi? Swali hili ndilo linalotutia wasiwasi, na ndilo lililotufanya tuanze makala hii Sakina.

Zipo njia mbili za kuupata mmea huu. Ya kwanza ni kuotesha mbegu kitaluni na kusubiri. Ya pili ni kwenda porini na sururu. Njia ya pili ni nyepesi, na kwa kuwa shina lililonenepa hupendwa kuliko mche mwembamba, ina faida ya haraka. Shina la unene wa paja la mtu mzima halikupatikana kwa msimu mmoja wala miwili. Limestahimili ukame baada ya ukame, ukiwemo ule wa mwaka 2009 uliowamalizia wafugaji wa Longido na Monduli mifugo yao. Mtu mmoja kwa nusu saa hulitoa ardhini, akalikata mizizi lipate kuingia katika ndoo, na kulitia ndani ya gari. Anayenunua hudhani amenunua ua. Ukweli ni kwamba amenunua mama wa mbegu zote ambazo zingeanguka katika bonde lile kwa miaka mingi ijayo.

Kuitambua mimea iliyochimbwa si kazi ngumu, na tungependa wanunuzi wa bustani za hoteli walijue hili. Mmea wa kitaluni una shina laini, umbo linalolingana, na mizizi iliyozoea chungu chake. Mmea wa porini una makovu ya mawe na ya meno ya wanyama, umepinda upande mmoja kwa ajili ya upepo, na chini yake utaona mizizi mikubwa iliyokatwa kwa panga, vidonda vyake vikiwa bado vibichi. Vidonda hivyo vikilowa huoza. Kwa hiyo mara nyingi mnunuzi hulipa bei kubwa kwa kitu ambacho masika ya kwanza ya Unguja yatakigeuza kuwa uji ndani ya chungu. Yule aliyenunua mche mdogo kwa bei ndogo atakuwa na ua.

Sasa tutazame nchi nyingine zimefanya nini. Huko Thailand, Taiwan, Indonesia na India, ambako waridi la jangwani halikuwahi kuota porini, watu wameligeuza kuwa kazi ya maisha. Wamelichavusha kwa mkono, ua kwa ua, wakapata rangi ambazo sisi hatukuzijua: jeupe, la njano, jeusi-jekundu, lenye mistari, lenye petali maradufu kama waridi la kweli. Wamejifunza kubebesha kikonyo cha aina bora juu ya shina la mche wa kawaida, kama mabwana shamba wetu wanavyobebesha maembe. Mbegu na miche yao husafiri dunia nzima, na mingine hurudi Afrika kuuzwa kwa Waafrika. Kule Indonesia ua hili huitwa kamboja jepang, jina linaloisifu Kamboja na Japani kwa mmea ambao si wa Kamboja wala wa Japani! Hatuwalaumu. Aliyefanya kazi ana haki ya kula, na ya kutoa jina pia.

Wala si mara ya kwanza. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtumishi wa Serikali ya Wajerumani katika nchi ya Usambara, alipeleka kwao ua dogo la zambarau la milimani. Mwaka uliofuata likapewa jina lake, Saintpaulia, na hadi leo linauzwa madirishani mwa Ulaya na Marekani kwa mamilioni. Usambara imebaki na misitu inayopungua.

Wazanzibari, kuliko Watanzania wengine wote, wana sababu ya kulifikiri jambo hili bila uchungu, kwa kuwa wao wamewahi kuwa upande wa pili wa mizani. Karafuu si mmea wa Unguja wala Pemba. Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo. Ilifika kwetu mwanzoni mwa karne ya 19, na kwa jasho la watumwa na baadaye la wakulima ikawa roho ya uchumi wa visiwa. Mwani unaolimwa Paje na Jambiani, ulioanza kulimwa kibiashara mwaka 1989, mbegu yake ililetwa kutoka Ufilipino. Mimea imesafiri siku zote. Yafaa kuuliza nani aliifanyia kazi baada ya kufika, na kama wenye mmea wa asili walibaki na chochote mkononi.

Sisi tumebaki na kitu. Tumebaki na mmea wenyewe porini, wenye tofauti zake za rangi, za umbo na za ustahimilivu kutoka bonde hadi bonde. Hiyo ndiyo akiba ambayo Bangkok haina. Mchavushaji yeyote wa Asia aliyekwisha kuzungusha nasaba zilezile kwa miaka mingi hutafuta damu mpya, na damu mpya iko Longido, iko Mkomazi, iko katika kila mlima wa mawe baina ya Arusha na mpaka wa Kenya. Kila shina linalotolewa kwa sururu linaipunguza akiba hiyo.

Kuhusu sheria, maofisa wanaosoma safu hii wanajua zaidi yetu, lakini si vibaya kuwakumbusha wananchi. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, inasema kwamba anayechukua nasaba za mimea ya nchi nyingine kwa ajili ya utafiti na maendeleo aombe ruhusa na agawane faida na wenyewe. Ni jambo jema. Hata hivyo haiwezi kuturudishia yale yaliyotoka zamani. Kwa upande mwingine, Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Aina Mpya za Mimea mwaka 2012, Zanzibar ikatunga yake mwaka 2014, na mwaka 2015 nchi yetu ikajiunga na umoja wa kimataifa unaozilinda haki hizo. Sheria hizi humlinda aliyezalisha aina mpya. Hazimlindi aliyekaa karibu na mmea wa zamani. Maana yake ni kwamba kijana wa Sakina akizalisha waridi la jangwani lenye rangi isiyowahi kuonekana, anaweza kulisajili likawa lake kwa sheria. Asipofanya hivyo, atafanya mwingine, na kijana wetu atauziwa.

Huenda msomaji akafikiri kwamba kazi hiyo inahitaji maabara. Inahitaji zaidi subira na macho. Tueleze kidogo, kwa faida ya wale watakaopenda kujaribu, kwani ushauri mwingi unaozunguka mitaani si sahihi.

Mmea huu huzaa maganda mawili yaliyoungana kama pembe za ng'ombe. Likikomaa ganda hupasuka lenyewe, na mbegu, zenye nywele laini katika kila ncha, hupeperushwa na upepo. Mwenye kitalu hulifunga ganda kwa uzi au kipande cha chandarua kabla halijapasuka. Mbegu ipandwe ingali mpya, kwa kuwa hupoteza nguvu upesi. Ilazwe juu ya mchanga mnene uliochanganywa na samadi kidogo iliyooza vizuri, ifunikwe kidogo tu, na ipate joto. Katika joto la kutosha huota ndani ya wiki moja au mbili. Porini mmea hauzai sana. Kwa hiyo anayetaka mbegu nyingi hana budi kujifunza kuhamisha chavua kwa mkono, kazi inayohitaji kijiti chembamba na mwanga mzuri, na ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuifanya kwa ustadi kuliko baba yake.

Kosa la kwanza la wengi ni kudhani kwamba mmea unaostahimili ukame hauhitaji maji. Mche mchanga unayahitaji, tena mara kwa mara, mpaka tako la shina lake livimbe na kuwa ghala. Kosa la pili ni kinyume chake: kuuloweka mmea mzima kama vile ni mgomba. Chungu kiwe na matundu, udongo ukauke kabla ya kumwagilia tena, na jua liufikie mmea siku nzima. Wapo wanaokata tawi na kulichomeka ardhini. Huota, na hutoa maua, lakini aghalabu halipati lile shina nene ambalo ndilo uzuri wake. Aliyeotesha kwa mbegu husubiri mwaka mmoja hadi miwili kuona ua la kwanza.

Kwa wakazi wa maweni tuna neno mahususi. Msichote mchanga wa ufukweni kwa kazi hii, kwanza kwa sababu una chumvi, na pili kwa sababu fukwe zetu zimekwisha kuliwa vya kutosha. Tumieni mchanga wa bara. Pale penye jiwe, chongeni shimo, lijazeni kokoto na mchanga, na upandeni mmea juu ya kichuguu ili mvua ya masika iteremke badala ya kutuama. Kisha, na hili lisisahauliwe, mmea huu ni sumu. Utomvu wake huudhuru moyo. Sumu ya mishale si hadithi. Anayeukata avae glavu, na usipandwe mahali ambapo watoto wadogo hucheza bila mwangalizi. Tunayasema haya kwa uwazi kwa sababu tumeona wauzaji wakiyanyamazia.

Arusha yenyewe ina kasoro moja katika kazi hii, nayo ni baridi. Mwezi wa Juni na Julai, ukungu wa Meru unaposhuka mpaka Sakina, waridi la jangwani hupukutisha majani na kulala. Mwenye kitalu akiendelea kulimwagilia kwa huruma, huoza. Pwani haina baridi hiyo. Kwa hiyo tunaona mgawanyo wa kazi uliopangwa na maumbile yenyewe: mbegu zikusanywe na kuchaguliwa kaskazini, mahali mmea ulipo kwa asili na wataalamu walipo, na miche ikuzwe visiwani na katika mwambao, ambako joto la mwaka mzima litaikuza upesi, tena karibu na mnunuzi. Upo pia uzuri wa safari. Waridi la kukata, ambalo mashamba ya Arusha yamekuwa yakilipeleka Ulaya tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, linadai chumba cha baridi, ndege, na soko lisilosubiri. Baadhi ya mashamba hayo, pamoja na ajira zake, yalifungwa kwa kushindwa na gharama. Waridi la jangwani husafiri bila udongo, limefungwa katika gazeti, siku nyingi bila tone la maji, na likifika hupandwa.

Tumetaja wataalamu. Kilometa chache kutoka Sakina, pale Ngaramtoni, ndipo yalipo makao ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, mrithi wa taasisi ya utafiti ya TPRI, pamoja na hazina ya taifa ya mimea iliyokaushwa na benki ya nasaba za mimea. Unguja, pale Kizimbani, ipo Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Zanzibar. Hatujui sababu ya vyombo hivi viwili kutokuwa na shamba dogo la pamoja la maua ya nchi kavu. Bajeti yake haingekuwa kubwa kuliko ya semina moja ya siku tatu katika hoteli inayomwagilia nyasi.

Kwa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar tuna ombi mahususi. Mwekezaji anapotaka kujenga hoteli, hutakiwa kufanya tathmini ya athari kwa mazingira, na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira huipitia. Tathmini hiyo iwe na ukurasa mmoja unaouliza: bustani itakuwa na ukubwa gani, itapandwa nini, itamwagiliwa maji ya wapi, na miche imetoka katika kitalu gani? Swali la mwisho lina uzito sawa na yale ya kwanza. Hoteli inayookoa maji ya Jambiani kwa kununua mimea iliyochimbwa Longido imehamisha madhara tu, haikuyaondoa.

Kwa mamlaka za Bara, ombi letu ni kwamba mwenye kitalu wa kweli asisumbuliwe wakati mwenye sururu anapita. Leo hii anayetaka kupeleka miche halali visiwani hana budi kupata cheti cha afya ya mimea na kufuata taratibu za karantini, na ni sawa kabisa. Wazanzibari walioletewa kunguru katika miaka ya 1890 na mpaka leo wanahangaika naye hawahitaji somo juu ya viumbe wageni. Lakini cheti kiwe na mahali pa kuandika kama mmea umeoteshwa au umechimbwa, na ofisa anayekisaini autazame mzizi kwa macho yake. Halmashauri za vijiji nazo, ambazo sheria imezipa usimamizi wa ardhi ya kijiji, ziruhusu ukusanyaji wa mbegu kwa malipo yatakayoingia katika mfuko wa kijiji, na zikatae uchimbaji wa mashina. Mwanamke wa Kimaasai aliyezoea kutembea mchana kutwa na shanga zake kutafuta mnunuzi atapata kazi ya msimu inayomngoja karibu na boma lake. Na kijiji kinachopata fedha kwa mbegu kitalilinda shina lenyewe bila kungoja askari wa misitu.

Itasemwa kwamba mgeni wa hoteli anataka kijani. Huenda. Sisi tunaona kwamba mgeni huyo amekiacha kijani kwao, tena kingi, kinachonyeshewa bure. Aliyefika Unguja akakuta bustani ya mawe meupe, waridi la jangwani likiwa limechanua, mishubiri ya porini (mmojawapo umepewa na wataalamu jina la kisiwa cha Pemba, Aloe pembana), na mlakasa ukitambaa ufukweni na maua yake ya zambarau, atakuwa ameona kitu ambacho hakipo Uhispania wala Florida. Huo mlakasa tumewahi kuona vibarua wakiamriwa kuung'oa ili ufukwe uwe safi kwa picha, na msimu uliofuata mwenye hoteli akilalamika kwamba bahari inamlia mchanga.

Itasemwa pia kwamba Asia imekwisha kutupita na soko limekwisha kushikwa. Soko la dunia, ndiyo. Lakini soko la hoteli za Zanzibar, za Mombasa, za Dar es Salaam na za Arusha lipo mlangoni petu, na mche wa Thailand unaofika hapa umelipiwa ndege, karantini na faida ya watu watatu. Mwenye kitalu wa Sakina au wa Makunduchi hahitaji kumshinda mkulima wa Bangkok kwa rangi. Anahitaji kuwa na miche elfu mbili iliyo sawa, mizima, siku ile meneja wa hoteli anapopiga simu. Kwa sasa meneja akipiga simu hupata ahadi, na baada ya wiki huletewa mashina kumi na mawili yenye vidonda.

Maganda katika nchi ya Longido hayapasuki yote kwa siku moja. Anayetaka kuanza mwaka huu akaongee na wazee wa kijiji mapema, abebe uzi na vipande vya chandarua, na aende kuyafunga yakiwa bado mabichi, kwa sababu yakikauka mbegu zitakuwa zimekwisha kwenda na upepo.